Mguu Ugomao Njiani Si Uzee

Ndugu msomaji, ng'ombe wako akianza kuchechemea humwachi mpaka alale asiinuke. Siku ileile unamfunga, unainua mguu wake, unaangalia kwato, na ukishindwa unamwita daktari wa mifugo. Lakini mguu wako mwenyewe ukikuuma njiani, wafanyaje? Wengi wetu husimama kidogo, tukajifanya tunatazama mahindi ya jirani, na maumivu yakiisha tukaendelea na safari bila kumwambia mtu. Mwaka wa pili twasimama mara mbili. Mwaka wa tatu hatwendi tena sokoni ila kwa pikipiki. Tukiulizwa, twajibu, "Ni uzee tu."

Pengine ni magoti, na pengine ni mgongo. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao dalili yake ndiyo hiyo hasa, nao ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya miguuni kuwa myembamba. Yafaa kila nyumba iujue kwa sababu tatu. Kwanza, humnyima mtu kutembea. Pili, hutangaza hatari iliyofichika katika moyo na katika ubongo. Tatu, dawa yake mojawapo iliyo kubwa haiuzwi dukani, nayo ni kutembea kwenyewe.

Mimi si daktari. Ni karani wa ofisi ya kilimo niliyesomea ualimu, na kazi yangu katika ukurasa huu ni kuyaeleza kwa lugha ya shambani yale ambayo waganga wameyapima na kuyathibitisha.

SHAMBA LA MWISHO WA MFEREJI

Wamarakwet wamekuwa wakinywesha mashamba yao ya bonde la Kerio kwa mifereji tangu karne nyingi. Maji hutoka katika mito ya milima ya Cherangani, yakafuata mteremko mpaka chini mashambani. Mtu yeyote aliyelima kwa mfereji, awe huko, au Taita, au Mwea, ajua jambo hili: mfereji ukianza kujaa tope, wa kwanza kulia ni mwenye shamba la mwisho. Mwenye shamba la juu bado ana maji, naye hushangaa kelele ni za nini.

Mwili wako ni vivyo hivyo. Moyo husukuma damu katika mshipa mkubwa unaoteremka mpaka tumboni, ukagawanyika mara mbili, mmoja kila mguu, ukapita pajani na nyuma ya goti mpaka vidoleni. Mguu ndio shamba la mwisho. Mafuta yakianza kujishikiza katika kuta za mishipa hiyo, njia huwa nyembamba mwaka hata mwaka.

Ukiwa umeketi, misuli ya mguu haitaki damu nyingi, na ile kidogo inayopita yatosha. Ukiondoka kupanda kilima, misuli hutaka damu mara nyingi zaidi, lakini njia haipitishi. Misuli iliyokosa damu ndiyo inayouma. Ukisimama dakika chache mahitaji yake hupungua, na maumivu hukoma kama kwamba hayakuwapo.

Mkulima atafurahi kusikia kwamba waganga waliujua ugonjwa huu kwanza kwa mnyama. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa aliyeitwa Bouley aliandika habari za farasi ambaye kila akiendeshwa alichechemea, na akipumzishwa alipona. Ikaonekana kwamba mishipa ya mapaja yake ilikuwa imeziba. Ilipita miaka 27 kabla daktari Charcot, Mfaransa pia, hajaeleza mwaka 1858 kwamba jambo lilelile humpata mwanadamu.

Siku hizi watu zaidi ya milioni 200 duniani wana ugonjwa huu, na wengi wao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Huonekana zaidi kwa waliopita miaka 50. Wanaoukaribisha ni wavuta sigara kuliko wote, kisha wenye kisukari, wenye presha ya juu, na wenye mafuta mengi katika damu. Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya watu wa mjini tu. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 alikuwa na presha ya juu.

JINSI YA KUUTAMBUA

Jichunguze kwa maswali haya manne:

1. Maumivu huja wakati gani? Ya ugonjwa huu huja ukitembea, hasa ukienda haraka au ukipanda mlima. Hayaji ukiwa umesimama tu au umeketi.

2. Huuma wapi? Mara nyingi ni katika shavu la mguu, nyuma, chini ya goti. Wengine huumwa paja au makalio.

3. Hukoma vipi? Ukisimama tu, hukoma katika dakika chache, kwa kawaida hazizidi 10. Maumivu yatokayo mgongoni mara nyingi hayakomi kwa kusimama, bali hutaka uketi au uiname mbele.

4. Hurudi vipi? Ukianza tena kutembea, hurudi baada ya mwendo ulio karibu sawa na ule wa kwanza.

Hata hivyo, wengi wenye ugonjwa huu hawana dalili hizo kamili. Wengine husema miguu imekuwa mizito tu, au imechoka. Wengine hawaumwi kabisa, kwa sababu wamezoea kwenda polepole mno, na maumivu hayapati nafasi. Tazama pia nyayo zako: mguu mmoja ulio baridi kuliko mwenziwe, ngozi inayong'aa, vinyweleo vilivyokoma kuota, na kidonda kidogo kisichopona. Hizo zote ni dalili za kumpelekea daktari.

HESABU NDOGO YA DAKTARI

Kipimo chake hakina kisu wala sindano. Daktari hupima presha ya mkono kama kawaida, kisha hupima presha ya kifundo cha mguu kwa msaada wa chombo kidogo cha kusikilizia damu. Halafu hugawanya ya mguu kwa ya mkono. Tuseme ya mkono ni 140 na ya mguu ni 98. Gawa 98 kwa 140, utapata 0.70.

Mtu mwenye mishipa mizuri hupata kati ya 1.00 na 1.40. Akipata 0.90 au chini yake, mishipa imekuwa myembamba. Akizidi 1.40, pengine mishipa imekakamaa, jambo litokealo kwa wenye kisukari cha muda mrefu, na daktari atatumia njia nyingine ya kupima.

KICHWA NACHO KINAHUSIKA

Sasa, msomaji, sikiliza sana sehemu hii, maana ndiyo isiyojulikana na wengi. Mfereji wenye tope haujazi tope mahali pamoja tu. Mishipa ya moyo na mishipa ya ubongo hunywa damu ileile yenye mafuta yaleyale, hupigwa na presha ileile, na huchomwa na moshi uleule wa sigara. Kwa hiyo mtu mwenye mishipa myembamba miguuni yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mshtuko wa moyo na kiharusi. Mguu ni kama kengele ya shule. Inalia mahali pamoja, lakini haiwaiti wanafunzi wa darasa moja tu.

Tena, hata bila ya kiharusi, akili yaweza kuguswa polepole. Katika mji wa Edinburgh, Uskochi, waganga walichagua wanaume na wanawake 1,592 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, wakawapima miguu kwa hesabu ile niliyoieleza. Kazi hiyo ilianza mwaka 1987. Baada ya miaka 10 hivi waliwapima akili watu 717 kati yao. Wale ambao hesabu ya miguu yao ilikuwa ndogo tangu mwanzo walionekana kuwa wazito zaidi katika wepesi wa kufikiri, katika kutatua mafumbo, na katika kuyapata maneno haraka.

Haisemwi kwamba kila aumwaye shavu la mguu atasahau majina ya wajukuu wake. Yasemwa kwamba yampasa kuangaliwa mwili mzima, kichwa pamoja na miguu. Tena jambo hili lina maana kwa wale wanaomtunza. Mtu ambaye mawazo yake yamekuwa mazito kidogo ndiye huyohuyo anayetakiwa kukumbuka vidonge asubuhi na jioni, kukumbuka siku ya kliniki, na kukumbuka zoezi lake. Akisahau, msimwite mkaidi. Andikeni siku za zoezi katika kalenda ya ukutani. Wekeni vidonge karibu na kikombe chake cha chai. Mpeni mjukuu kazi ya kumwuliza, "Babu, leo umetembea?"

MAISHA MEMA SI KUPUMUA TU

Katika kata ninayofanyia kazi yuko mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akileta maziwa yake mwenyewe mpaka kituo cha kukusanyia. Miguu ilipoanza kumgomea njiani alimpa kijana kazi hiyo. Kisha akaacha kwenda kanisani, kwa sababu hakutaka waumini wamwone akisimama kila baada ya nyumba tatu. Kisha akaacha baraza la chifu. Alikaa nyumbani kutwa, akawa mkimya, na akiulizwa jambo alichelewa kujibu. Wanawe wakaanza kunong'ona kwamba baba amezeeka akili, na kwamba yafaa ng'ombe wauzwe na shamba ligawanywe kabla hajasahau mipaka.

Binti yake aliyeolewa mbali ndiye aliyempeleka hospitali. Ilionekana kwamba mishipa ya miguu yote miwili ilikuwa myembamba, na presha ilikuwa juu bila mtu kujua. Alipewa dawa, akaambiwa aache sigara, akafundishwa kutembea kwa kipimo. Leo hajawa kijana, na bado husimama njiani. Lakini husimama mara moja ambapo alikuwa akisimama mara nne, na maziwa yake huyaleta mwenyewe siku za soko. Habari ya kuuza ng'ombe imekwisha.

Nimeyasimulia haya ili uone kilichokuwa hatarini. Mguu ulikuwa ukimwondolea mtu huyu rafiki zake, ibada yake, na sauti yake katika shamba alilolilima mwenyewe. Ndiyo sababu siku hizi daktari mzuri hamwulizi mgonjwa maumivu tu. Humwuliza pia: Waweza kufika dukani? Waweza kupanda ngazi? Wapata usingizi? Ni mambo gani umeyaacha kwa ajili ya miguu? Ukiulizwa hivyo, jibu kweli. Mtu anayesema "sijambo" kwa adabu tu hujinyima matibabu.

DAWA YA KUTEMBEA

Twaingia sasa katika matibabu. La kwanza ni kuacha sigara, wala usipunguze tu, acha. La pili ni dawa za daktari: ya kuzuia damu isigande, ya kushusha mafuta ya damu, na za presha na kisukari kwa wenye magonjwa hayo. La tatu ni kutembea kwa kipimo. Wachache ambao hayo hayawatoshi huweza kupanuliwa mshipa kwa kipira kidogo kinachopitishwa ndani yake, au kupasuliwa na kuwekewa mshipa wa kupitia kando, kama mkulima achimbavyo mfereji mpya kulikwepa jiwe.

Najua utasema, "Karani, mimi ni mkulima. Natembea kutwa. Nataka zoezi gani tena?" Swali lako ni zuri. Lakini mwenye ugonjwa huu, bila kujua, hujifunza kusimama kabla ya maumivu. Hutembea kutwa, lakini polepole, vipande vifupivifupi. Mwendo wa namna hiyo haumfundishi mguu kitu.

Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 305 wenye ugonjwa huu. Kundi moja lilitembea nyumbani kwa mwendo wa kuleta maumivu. Kundi la pili lilitembea polepole bila kuumwa. Kundi la tatu halikupewa zoezi. Baada ya miezi 12 kila mmoja alipimwa umbali awezao kwenda kwa dakika 6. Kundi la kwanza liliongeza kiasi cha mita 34. Lile lililotembea bila kuumwa halikuongeza kitu. Jambo la kufahamu ni hili: maumivu haya, yakiletwa kwa kipimo na kisha kupumzishwa, hayaharibu mguu. Ndiyo mafundisho yenyewe.

Fanya hivi, baada ya kumwona daktari na kuruhusiwa:

Chagua njia tambarare, na uvae viatu vilivyofunga vizuri. Tembea kwa mwendo wa kuleta maumivu katika dakika chache. Yakija, usisimame papo hapo. Endelea mpaka yawe makali kiasi, lakini si ya kukufanya ulie. Hapo simama au uketi mpaka yaishe kabisa. Kisha anza tena. Endelea hivyo, kutembea na kupumzika, kwa nusu saa, na siku zinavyokwenda ufikishe dakika 45 hata saa nzima. Fanya siku 3 za juma au zaidi, kwa majuma 12 kwa uchache. Wengi huona tofauti katika muda huo, lakini ukiacha, faida nayo huondoka.

Zoezi hili halizoi tope lililo mferejini. Huufundisha mguu kutumia vizuri damu ichache inayofika, na huisaidia mishipa kufunguka vyema zaidi wakati wa kazi. Ni kama mkulima wa sehemu kavu aliyejifunza kuweka matandazo: mvua ni ileile, lakini mazao yameongezeka.

Ukitaka kuyaona maendeleo yako, chomeka vijiti viwili vyenye mita 30 baina yao. Tembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, ukihesabu. Ukipita mara 9, umekwenda mita 270. Andika katika daftari pamoja na tarehe, kama uandikavyo maziwa ya kila ng'ombe, kisha upime tena baada ya mwezi.

Ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, acha mara moja na umwone daktari. Mwenye kidonda mguuni asianze zoezi mpaka kitazamwe.

ANGALIA NYAYO KILA JIONI

Mguu usiopata damu ya kutosha hauponi upesi. Mkwaruzo wa jembe, mwiba, funza, au kiatu kinachobana vyaweza kuleta kidonda, kidonda kikaoza, na mguu ukakatwa. Kwa hiyo kila jioni nawa miguu kwa maji ya uvuguvugu, kausha katikati ya vidole, na utazame wayo wote. Macho yakiwa hayaoni vizuri, mwite mtoto akutazamie. Usiende shambani pekupeku. Usiote miguu motoni wala kuikanda kwa maji ya moto, hasa ukiwa na kisukari, maana waweza kuungua bila kuhisi. Kucha zikate moja kwa moja, usichimbe pembeni.

Kuna mambo mawili yasiyongoja kesho. La kwanza ni mguu uumao usiku kitandani, ukapata nafuu ukiuning'iniza chini, au wenye kidole kilichogeuka cheusi. Huyo apelekwe hospitali bila kukawia. La pili ni mguu ambao kwa ghafula umekuwa baridi, umepauka, unauma sana au umekufa ganzi. Hapo mshipa umezibwa kabisa, na zimebaki saa chache tu za kuuokoa. Tafuteni gari saa hiyohiyo.

UANZE WAPI?

Anza kwa kupimwa presha na sukari. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vyombo vya kupimia hayo, nao hupita nyumba kwa nyumba. Ukiona presha au sukari imepanda, au umejibu "ndiyo" kwa yale maswali manne, nenda zahanati au hospitali, na useme kwa maneno haya: "Mguu huniuma nikitembea, nikisimama hukoma. Nataka mishipa yangu ipimwe." Maneno hayo machache yatamwongoza daktari kuliko kusema "naumwa miguu."

Nawe kijana unayewasomea wazee ukurasa huu, jioni ya leo waulize baba na mama swali moja: wakienda dukani, husimama mara ngapi njiani? Wakikujibu kwamba ni uzee, usikubali upesi. Ongozana nao siku ya soko, tembea kwa mwendo wao, na uhesabu mwenyewe.